Vilima, Mabonde na Misimu ya Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya wengi wao ni wa aina tatu: mtumishi aliyepata barua ya kuhamishiwa Pemba, mtoto wa Kipemba aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Maskati na sasa anataka kurudi kujenga, na mkulima kijana anayetaka kujua kwa nini ardhi ya babu yake haifanani na ya jirani. Majibu yanazungumzia kisiwa kizima, ila yanaegemea zaidi Chake Chake, kwa sababu huko ndiko kilima, bonde na hori la bahari vinapokutana mahali pamoja.

Pemba kuna milima kweli?

Mlima hakuna. Kilima kirefu kabisa cha kisiwa hakifiki hata mita 150 juu ya usawa wa bahari. Lakini mtu akishuka bandari ya Mkoani akapanda gari kwenda Chake Chake, mwendo wa kilomita kama 30, ataona kwamba barabara haitulii. Inapanda, inakata kona, inashuka, inavuka bonde la mpunga juu ya tuta, kisha inapanda tena. Vilima vimesongamana, na miteremko yake ni mikali kuliko mtu anavyotarajia kwenye kisiwa. Kati ya kilima na kilima kuna bonde lenye sakafu tambarare, jembamba, linalojipinda mpaka linapoingia kwenye mikoko.

Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita kama 67 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa kilomita kama 22 pale kilipo kipana. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 1,000. Katika eneo hilo dogo, kwa sensa ya mwaka 2022, wanaishi watu zaidi ya laki tano. Kwa hiyo kila bonde lina mwenyewe na kila mteremko una kazi yake.

Mbona Unguja haina vilima vya namna hii?

Unguja nayo ina mwinuko wake, Masingini ukiwa mmojawapo, lakini sehemu kubwa ya kisiwa kile ni tambarare. Tofauti inaanzia chini ya bahari. Mkondo unaoitenga Unguja na bara ni wa kina kifupi, na wakati wa zama za barafu, bahari ilipokuwa chini sana kuliko leo, Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mkondo wa Pemba ni jambo jingine kabisa: kina chake kinakaribia mita 800. Pemba imekaa peke yake baharini kwa mamilioni ya miaka.

Vilima vya magharibi na kati vimejengwa kwa michanga na udongo wa mfinyanzi wa kale, ambao mvua imeuchonga na kuukata muda wote huo. Ndiyo maana mabonde ni mengi na yanafuatana. Upande wa mashariki na kwenye rasi nyingi, ardhi ni jiwe la matumbawe lililoinuka kutoka baharini, na huko sura ya nchi ni ya ubapa.

Upweke huo wa muda mrefu unaonekana pia katika viumbe. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye watu huenda kumtazama Kidike, haishi pengine popote duniani. Mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya minazi wa msitu wa Ngezi, ni wa Pemba tu. Wamo pia ndege: bundi wa Pemba, njiwa wa kijani, chozi. Mtu anayekata msitu hapa anakata kitu ambacho hakina akiba mahali pengine.

Mji wa Chake Chake umekaa vipi?

Umekaa juu ya mgongo wa ardhi, na miguu yake imeteremkia kwenye hori. Hori hilo linaingia kutoka magharibi, refu na jembamba, limezungukwa na mikoko. Bamvua likijaa, maji yanafika karibu na mji; yakitoka, kinabaki kitope na vijito vichache. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua inaweza kufika mita nne. Zamani vyombo vya biashara viliingia kwa kufuata maji hayo, na ngome ya zamani, ambayo sasa ni makumbusho, imejengwa pale juu kwa sababu hiyo hiyo: anayekaa juu anaona chombo kikiingia.

Ukitembea kutoka sokoni kwenda Tibirinzi, Machomane, Madungu au Kichungwani, utapanda na kushuka kila mara. Gombani, palipo uwanja wa michezo, ni juu. Uwanja wa ndege wa Karume uko upande wa mashariki wa mji, kwenye ardhi iliyotulia zaidi. Wete nao umekaa kwa mtindo huo huo, juu ya mwinuko unaotazama hori, na Mkoani umepanda kilima moja kwa moja kutoka gatini.

Misimu ni mingapi, na inaanza lini?

Pemba iko kama digrii tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana. Kati ya mchana mrefu wa Disemba na mfupi wa Juni tofauti ni kama nusu saa na dakika chache. Kinachogawa mwaka ni pepo na mvua.

Kaskazi huvuma kuanzia Disemba mpaka Machi. Ni upepo wa joto, bahari ya magharibi hutulia, na Januari na Februari huwa kavu. Kisha pepo hulegea, joto hupanda, mawingu huanza kujikusanya, na masika huingia: Machi, Aprili, Mei. Kusi, upepo wa kusini, nayo hushika nguvu wakati huo huo. Juni, Julai na Agosti ni kipupwe, miezi ya ubaridi na kusi kali, na katikati yake hupita mvua nyepesi za mchoo. Septemba upepo unapungua nguvu. Oktoba mpaka Disemba ni vuli, mvua za vipindi, zinazokuja na kuondoka.

Hiyo ndiyo ratiba. Mwaka wenyewe huweza kuikubali au kuikataa. Masika huweza kuchelewa mpaka Aprili imeingia, na vuli huweza kupita bila mvua ya maana. Miaka ya El Niño, au pale maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yanapokuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli hugeuka kuwa mvua kubwa kama masika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, na 2019, na 2023.

Mvua ya Pemba ni nyingi kiasi gani?

Takwimu za muda mrefu zinaipa Pemba wastani wa milimita kama 1,900 kwa mwaka, na Unguja kama 1,600. Sehemu kubwa ya hiyo hushuka katika masika, Aprili na Mei ndiyo mikubwa. Magharibi na kati ya kisiwa hupata zaidi kuliko maweni ya mashariki. Kwa hali hiyo si ajabu mabaharia wa Kiarabu kukiita Jazira al-Khadhra, kisiwa cha kijani.

Masika ya kweli hayanyeshi kwa dakika kumi na kuacha. Huweza kuanza alfajiri, ikamkuta mtoto anataka kwenda skuli, ikaendelea mpaka adhuhuri, na usiku ikarudi.

Nahamishiwa Chake Chake mwezi wa Julai. Kuna baridi? Nibebe sweta?

Beba moja, nyepesi. Julai na Agosti joto la chini usiku hushuka kwenye nyuzi 21 au 22, na mchana hukaa kwenye 28. Kwa mtu wa Mbeya hiyo si baridi. Kwa sisi, na hasa ukiwa nyuma ya pikipiki alfajiri unavuka bonde, ni baridi ya kutosha.

Hapo pana jambo linalowapotosha wengi. Wanadhani juu ya kilima ndiko kwenye baridi zaidi. Hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kilima cha mita 100 kinakupunguzia nusu nyuzi tu, kiasi ambacho mwili hauhisi. Anayekaa juu anapata upepo wa kusi, basi. Alfajiri yenye utulivu mambo hugeuka: hewa iliyopoa usiku ni nzito, huteremka na kujikusanya bondeni, na kwa kuwa bonde lina maji na majani mabichi, ukungu hutanda. Saa moja asubuhi utaona ukungu mweupe umejaa bondeni na vichwa vya minazi vikichungulia juu yake. Jua likipanda kidogo, umekwisha.

Na joto kali ni lini?

Februari na Machi, kabla masika hayajaingia. Mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku haupoi sawasawa kwa sababu hewa imejaa unyevu. Nyumba ya bondeni isiyopata upepo huwa nzito zaidi. Wazee walipenda kujenga juu, mlango ukitazama upepo, na baraza mbele; walijua walichokuwa wanakifanya.

Kwa nini mikarafuu iko juu na mpunga uko chini?

Kwa sababu mkarafuu hautaki mizizi yake isimame ndani ya maji, na mpunga unataka hivyo hasa.

Miteremko ya magharibi na kati ina udongo wa kina, unaopitisha maji vizuri, na mkarafuu huzamisha mizizi yake humo na kuishi miongo mingi. Pamoja nao utakuta minazi, migomba, mihogo, miembe na mifenesi. Uchumaji huanza kiasi cha Julai na huweza kuendelea mpaka mwanzo wa mwaka unaofuata, kufuatana na jinsi mikarafuu ilivyozaa. Hapo hali ya hewa inaingia mfukoni moja kwa moja. Karafuu iliyoanikwa kwenye majamvi inahitaji jua la siku kadhaa mfululizo ili ikauke vizuri. Vuli ikiingia mapema, watu hukimbizana na mawingu: anika, anua, anika tena. Karafuu iliyonyeshewa hupoteza rangi na daraja, na bei hushuka nayo.

Bondeni udongo ni wa kinamo, mweusi, unashika maji. Huko ndiko kwenye mpunga. Konde huburugwa na kupandwa masika yanapoingia, hupaliliwa, watoto na kina mama huamia ndege nafaka inapokomaa, na mavuno hufanyika kipupwe kinapotawala. Familia nyingi zina konde juu na konde bondeni, na hiyo ni bima: mwaka mvua ikizidi, mihogo ya juu inaokoa, mwaka mvua ikipungua, bonde bado lina unyevu.

Mashariki, kuelekea Micheweni, ni maweni. Udongo ni mchache, umejificha kwenye mianya ya mawe, na mkulima hupanda palipo na udongo. Huko watu wameegemea zaidi bahari: uvuvi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Zanzibar ilipoanza kilimo cha mwani, kina mama wengi wameshuka pwani kulima maji yakitoka.

Maji ya kunywa yanatoka wapi?

Kutoka ardhini. Hakuna mto mkubwa. Vijito ni vifupi na vingi hupungua sana kiangazi. Mvua hunywea kwenye vilima, hutembea polepole chini kwa chini, na kutokea kwenye chemchem chini ya miteremko au kwenye visima. Mamlaka ya Maji Zanzibar huyavuta kutoka visima vya kuchimba. Kilima kikivuliwa miti, mvua haipati muda wa kunywea, inakimbia moja kwa moja bondeni ikiwa imebeba udongo, na chemchem ya chini yake inadhoofika. Anayetaka maji ya kiangazi alinde miti ya masika.

Nimepata kiwanja bondeni kwa bei nafuu. Ninunue?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwa haraka kuliko yote, mara nyingi na mtu aliye mbali ambaye ametumiwa picha iliyopigwa Februari. Jibu langu ni hapana, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu fedha za watu wengi zimezama humo.

Bonde ni njia ya maji. Linaweza kukaa kavu miaka mitatu, majani yamekatwa vizuri, ng'ombe wamefungwa humo. Kisha masika moja makubwa yanakuja na maji yanadai njia yake. Ukijaza kifusi ili uinue msingi, maji hayatoweki, yanahamia kwa jirani yako, na jirani naye atajaza kifusi. Baada ya nyumba kumi bonde limezibwa, na mtaa mzima unaogelea.

Pili, kinamo si rafiki wa msingi. Kikilowa huvimba, kikikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi maalumu huonyesha ufa ukutani baada ya kiangazi cha kwanza au cha pili.

Tatu, choo. Bondeni maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi. Shimo la choo na kisima huwa vinakunywa maji mamoja, na mvua kubwa huviunganisha juu pia. Kipindupindu kimeshaitesa Zanzibar mara nyingi, na njia yake ni hiyo.

Nne, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ni mpunga. Bonde lililojengwa halirudi tena kuwa konde. Kisiwa hakina ardhi nyingine ya kinamo ya kuchimbua mahali pengine, na mchele tunaoagiza kutoka nje unatukumbusha hilo kila tukienda dukani.

Kama umeshanunua, au unanunua mteremkoni, fanya haya. Nenda mwenyewe, au mtume ndugu unayemwamini, mwezi wa Aprili au Mei, mvua ikiwa inanyesha. Muulize sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kama eneo limepimwa kwa makaazi au ni la kilimo. Waulize wazee wa pale maji yalipita wapi masika makubwa yaliyopita. Watakuonyesha kwa kidole. Tazama kama mafunjo yameota, kwa sababu mimea hiyo haioti pakavu. Mteremkoni, usikate ukingo wima ukaweka nyumba chini yake, acha miti ya upande wa juu, na maji ya paa yaingize kwenye tangi au mfereji badala ya kuyaachia yachimbe korongo kuelekea kwa jirani.

Ni kweli bahari inaingia kwenye makonde ya mpunga?

Kweli. Mabonde mengi ya magharibi na kusini huishia kwenye mikoko, na tofauti ya kimo kati ya konde la mwisho na hori ni ndogo sana. Bamvua kubwa likikutana na upepo, maji ya chumvi hupanda. Yakishaingia, mpunga huungua, na ardhi huchukua misimu kadhaa ya mvua kuisafisha chumvi. Kisiwa Panza, kusini, ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kina cha bahari duniani kinapanda, na mikoko imekatwa kwa kuni, mkaa na majengo. Matuta ya kuzuia maji yamejengwa mahali mbalimbali na wanavijiji hujitolea kupanda mikoko. Tuta husaidia likitunzwa. Mikoko husaidia ikiachwa ikue.

Vimbunga vinafika Pemba?

Kwa nadra sana. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huhitaji umbali fulani kutoka ikweta ili vizunguke, na sisi tuko karibu mno. Kile kinachokumbukwa ni cha Aprili 1872, kilichoipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo nyumba kuu ya karafuu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, eneo la Mafia, na kikaleta mvua na upepo katika pwani yote, kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema haiwezekani.

Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, ambacho ndugu wengi walitupigia simu kwa hofu, kilipiga Cabo Delgado huko Msumbiji. Mji mkuu wa jimbo lile nao unaitwa Pemba.

Bahari kati ya Unguja na Pemba inachafuka lini?

Kipindi cha kusi, hasa Juni na Julai, na zaidi karibu na Nungwi, pale mkondo unapokutana na upepo. Kaskazi nayo ikivuma kwa nguvu Januari huinua mawimbi. Utulivu mzuri hupatikana pepo zinapobadilishana, Oktoba na Novemba, na tena Machi kabla mvua hazijashika. Wavuvi wa Kojani, wanaokwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, hupanga safari zao kwa kufuata mabadiliko hayo.

Lakini upepo si hatari pekee. MV Spice Islander I iliyozama Septemba 10, 2011 ikiwa njiani kwenda Pemba ilikuwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake. Chombo kikionekana kimejaa, shuka. Kesho ipo.

Hesabu ya miongo bado ina maana?

Ina maana kwa wanaoifuata, nami nawaheshimu. Mwaka wa Nairuzi, mwaka wa jadi wa Waswahili, huhesabiwa kwa jua, kwa miongo ya siku kumi kumi, na siku tano hubaki mwishoni. Wakulima na wavuvi waliijua mvua, upepo na samaki kwa mwongo wake, na kwa kuwa hesabu hiyo haihami kama miezi ya mwandamo, ilifaa sana kwa kilimo. Siku hizi mvua zinateleza kutoka kwenye miongo yake, na mzee aliyezoea kupanda siku fulani hujikuta amepanda juani. Linalofaa ni kuyasikiliza yote mawili, mzee na mtabiri.

Utabiri wa kuaminika naupata wapi?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa masika na wa vuli kabla ya kila msimu kuanza, na Unguja na Pemba hutajwa waziwazi. Hutoa pia utabiri wa kila siku na tahadhari za mvua kubwa, upepo mkali na mawimbi, zinazosomwa redioni na kusambazwa kwa simu. Tahadhari ya mawimbi ikitolewa, mwenye ngalawa asitoke. Tahadhari ya mvua kubwa ikitolewa masika, aliye bondeni ahamishe nafaka na vitabu vya watoto juu mapema, na aliyeanika karafuu aanue kabla ya kulala.